Foleni ya Mawe

Foleni ya mawe ilikuwa wazo la Yeshimebet, na tangu mvua zilipokatika hakumpa mtu nafasi ya kulisahau. Ukifika kituoni alfajiri, pale kwenye magorofa mapya nje kabisa ya Addis Ababa, unaweka jiwe lako nyuma ya la mwenzako, kisha unakwenda kukaa kwenye kibanda cha kahawa ukisubiri gari kama mtu mwenye heshima zake. Moyoni alijiita waziri wa usafiri. Waziri aliyeishia darasa la sita, lakini waziri.

Basi la jiji lilikuwa halijafika huko, na kiwanda cha nguo alikofanya kazi kilishamwonya mara mbili kwa kuchelewa. Akichelewa tena, kazi hana. Ndiyo maana siku ile aliamka na furaha: jiji lilikuwa linatuma mtu wa kuhesabu abiria. Wakifika themanini, basi litaletwa. Wakipungua, wasubiri mwaka mwingine.

Mhesabu, Ato Mulualem, alifika na pikipiki, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Yeshimebet akamtembeza kando ya mawe kama mama anayeonyesha mtoto mchanga.

"Umeona utaratibu, kaka?"

"Mzuri sana," akasema, akaandika. Yeshimebet akachungulia: kumi na moja.

"Kumi na moja nini?"

"Watu waliosimama kituoni."

"Na mawe? Kila jiwe ni mtu!"

"Dada yangu, nikipeleka hesabu ya mawe ofisini watawaletea lori."

Yeshimebet akatimua mbio hadi kibandani. "Jamani, tokeni mkasimame! Anahesabu!"

Mama Zenebech, jirani yake, hata kikombe hakukitua. "Si wewe uliyesema kusimama ni ushamba?"

"Nilisema, mama."

"Na hotuba ukatupigia."

"Niliwapigia."

"Basi sema umekosea. Kwa sauti, huku nyuma hawasikii."

Waziri akasema amekosea, kwa sauti. Wakatoka wakicheka, wakajipanga, wakiyasukuma mawe kwa miguu. Ato Mulualem akaanza upya kutoka mkiani.

Alikuwa hajafika hata nusu pale gari la abiria lilipotokea, mapema kuliko siku zote. Mstari ukatikisika. Yeshimebet, aliyekuwa wa tatu, akaruka mbele na kuuziba mlango kwa mgongo.

"Hapandi mtu mpaka amalize!"

"Dada, umeajiriwa lini polisi?" kondakta akamuuliza.

"Leo! Tulieni!"

"Themanini na nne," Ato Mulualem akasema hatimaye. "Nikikuhesabu na wewe."

Shangwe ikapigwa, na shangwe hiyohiyo ikamsukuma pembeni na kuingia garini. Mlango ukafungwa. Alipogeuka kutafuta nafasi yake kwenye foleni iliyobaki, wa tatu alikuwa mtu mwingine, na wa nyuma yake akatazama juu mawinguni kama hakumwona.

"Basi lenyewe linakuja lini, kaka?"

"Kamati ikikubali, baada ya Pasaka."

"Basi nipakie kwenye pikipiki yako unishushe kiwandani."

"Pikipiki ya ofisi hairuhusiwi kubeba abiria, dada. Ndiyo sera."

Yeshimebet akavua viatu, akaanza kuteremka mlima mbiombio, huku akipanga maneno ya kumwambia msimamizi. Nimechelewa kwa sababu ya basi. Basi gani? Litakalokuja.