Siku Lufingo Ilipoendelea

Kasim alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kupenda sifa. Kwa hiyo Jotham, bwana mipango kutoka wilayani, alipouliza mkutanoni nani hapa Lufingo ameona faida ya soko huria, Kasim alisimama kabla swali halijaisha.

"Mimi, mheshimiwa! Juzi juzi tu nilikuwa na kibanda cha nyasi. Leo nina duka la bati, na mauzo yamepanda maradufu!"

Jotham, mtu wa maneno marefu na mawazo mafupi, alipiga makofi. "Mnaona, ndugu zangu? Uchumi ukikua, maendeleo yamefika. Basi ile zahanati mliyoomba tutaipeleka Mpuguso, kwa wenzenu waliobaki nyuma. Ninyi mmeshaendelea."

"Ndaga fijo, asante sana," alisema mzee Ambilikile, mwenyekiti wa kijiji, kwa mazoea tu. Kisha akagundua ameshukuru kunyang'anywa.

Rukia, mke wa Kasim, alikuwa amekaa kwenye majani na mimba yake pevu. Masika ile barabara ya kwenda hospitali Tukuyu ilikuwa tope tupu, na waja wazito wawili walikuwa wamefia njiani, wakiwa kwenye machela. Kasim alilijua hilo vizuri. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini yeye alikuwa bado anatabasamu.

"Baba Ikram," Rukia aliita, "mwambie mgeni umeuza nini mwaka huu."

Kasim alijikuna shingo. "Bidhaa mchanganyiko."

"Zitaje."

"Sanda," alisema kwa sauti ndogo. "Na sukari ya msibani. Unajua huku kwetu, mheshimiwa, mtu akifa watu hawaziki wakaondoka. Ng'ombe anachinjwa, waombolezaji wanalala hapo hapo, na chai lazima wanywe."

Jotham alikohoa. "Sawa, lakini mauzo ni mauzo. Uchumi hauulizi mteja yu hai au amekufa."

"Basi tukifa wote," Rukia alisema, "tutakuwa Ulaya."

Watu walicheka mpaka Jotham akafunga mkoba wake. Hakusema zahanati inarudi, wala hakusema hairudi.

Kasim peke yake hakucheka. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliogopa. Alilitazama tumbo la mkewe, akalikumbuka lile jora la sanda lililofika dukani jana. Aliagiza kubwa kuliko yote, kwa kuwa biashara ilikuwa inakua.