Ushuhuda Usio Wake

Pale hospitalini walimwita Kiraka, naye aliitika bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kushona mashuka yaliyochanika. Kila asubuhi saa moja dobi alimletea rundo, naye akayainua moja moja dirishani ili mwanga umwonyeshe matundu. Tundu dogo alilifuma, kubwa akalitilia kiraka, na shuka lililokwisha kabisa alilikata likawa matambara ya kufutia. Chumba kilikuwa chake peke yake, yeye na cherehani ya miguu, na kwa miaka kumi na minne hapo ndipo alipokuwa akisali. Hakupiga magoti. Alikanyaga cherehani huku akizungumza na Mungu kimoyomoyo, kama mtu anavyozungumza na jirani aliye upande wa pili wa ukuta: leo mgongo unauma, yule mgonjwa wa wodi ya tatu mwangalie, asante kwa mvua.

Mama yake alipopigwa na kiharusi, yeye ndiye aliyebaki naye. Kaka yake, ndugu yake wa pekee, aliishi mtaa wa pili lakini alikuja kama mgeni: anasimama mlangoni, anauliza "Anaendeleaje?", anatazama saa, huyo kaondoka. Aliyekuja kweli ni wifi yake, mke wa kaka. Kila Jumapili mchana wifi alifika na beseni, wakamwogesha mama pamoja, mmoja ameshika mabega, mwingine anasugua mgongo. Kiraka hakuwa na dada. Katika Jumapili hizo alimpata.

Wifi alikuwa anaendesha darasa kanisani, Jumamosi saa kumi, kwenye chumba cha nyuma chenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara. Watu walijifunza kusemezana bila kuumizana. Ukutani alibandika karatasi aliyoiandika kwa kalamu nene: Sema ulichoona. Sema ulivyojisikia. Sema unachohitaji. Omba, usiamuru. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: Ya humu yabaki humu. Kiraka alihudhuria mara chache, akalipenda. Zamani ugomvi wa kazini aliumaliza kwa kununa wiki nzima. Baada ya darasa alimfuata dobi akamwambia, "Ukinitupia mashuka sakafuni, najisikia kama kazi yangu haionekani. Naomba uyaweke mezani."

Dobi alimkodolea macho. "Dada, una homa?"

Lakini kuanzia siku ile aliyaweka mezani.

Mama alifariki siku ya Alhamisi, asubuhi, Kiraka akiwa kazini. Miezi miwili baadaye yeye na wifi walikuwa wamekaa wakikunja nguo za marehemu ili wazigawe.

"Wifi, nina jambo," Kiraka akasema.

"Niambie."

"Niliomba mama afe."

Wifi aliacha kukunja. Hakushtuka, hakusema usiseme hivyo. Aliiweka blauzi chini, akasubiri. Kiraka akaeleza. Mwezi ule wa mwisho mama alikuwa na vidonda mgongoni, hamezi chochote ila maji ya kijiko, na kila akigeuzwa anasema neno moja kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima: nimechoka. Jumatatu moja, kwenye cherehani, Kiraka alisali: kama hutaki kumponya, mchukue. Siku ya nne akachukuliwa.

"Tangu hapo siwezi kusali," alisema. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Naogopa nitakachoomba nitapewa."

Wifi alimshika mkono. "Nimekusikia. Ulimpenda, ukashindwa kumwona akiteseka."

"Kaka asijue."

"Atajulia wapi? Haya ni yako na yangu."

Kiraka alirudi nyumbani mwepesi. Wiki ile, kwa mara ya kwanza, alithubutu kumwambia Mungu habari za asubuhi.

Ikapita kama miezi mitano. Siku moja mchana mwanamke asiyemfahamu, mwenye mkoba wa kijani, alichungulia chumba cha mashuka. "Wewe ndiye fundi wa mashuka?" Kabla hajajibiwa aliingia akamkumbatia, akamng'ang'ania. "Nimemleta baba kliniki, nikasema siondoki bila kukuona. Ushuhuda wako umeniokoa, dada."

"Ushuhuda gani?"

"Wa kwenye semina! Mwalimu hakutaja jina, alikuheshimu sana. Alisema tu kuna binti anashona mashuka hapa hospitali, alimwombea mama yake afe, akapona moyo kwa kusikilizwa. Mimi pia namuuguza baba. Nililia siku nzima."

Kiraka alishika ukingo wa meza. "Mlikuwa wangapi?"

"Ukumbi ulijaa. Mia mbili hivi. Na tuliorekodi ni wengi." Akatoa simu, akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya wifi, tamu, ya taratibu. *Naogopa*, ilisema sauti, ikakatika kwa kwikwi, ikavuta pumzi, *nitakachoomba nitapewa*. Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma. Kiraka alisikiliza ile kwikwi. Yeye hakulia pale. Na lile neno la mama, nimechoka, hakulisikia popote.

Angeweza kumfukuza yule mwanamke. Lakini mwanamke alikuwa amesimama, simu mkononi, uso umechoka kwa kukesha, na hakuwa na kosa lolote. Kiraka akamvutia kiti. "Baba anaendeleaje?" akauliza, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. Mwanamke alipoondoka, aliinua shuka dirishani akalitazama kwa muda mrefu bila kuona tundu hata moja.

Kazi ilipokwisha hakwenda kwake. Alikwenda kwa kaka.

Kaka alimfungulia mlango lakini hakumkaribisha. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe," alisema. "Wiki tatu. Mwenzangu kazini ndiye aliyenisikilizisha kwenye simu, hajui kuwa anayeongea ni mke wangu na anayesemwa ni dada yangu. Ulimwombea mama afe, halafu ukasimama nami makaburini unanishika mkono?"

Wifi akatokea jikoni akifuta mikono. Alipomwona Kiraka alijua. Uso wake ukavaa ule upole wa darasani. "Wifi, nakusikia una maumivu makubwa..."

"Usinifanyie darasa. Ulisema au hukusema?"

"Sikutaja jina."

"Hospitali ina washona mashuka wangapi?"

"Wifi yangu, watu wamesaidika. Ungewaona. Nilidhani ukijua ungefurahi kwamba mateso yako..."

"Ulilia mahali ambapo mimi sikulia."

Kiraka alikuwa amejiandalia matusi njia nzima, matusi mazito mazito, mengine hakujua kuwa anayajua. Hayakutoka. Alivuta pumzi, akasema polepole, akimtazama machoni. "Nimesikia sauti yako ikisema maneno yangu mbele ya watu mia mbili. Nimejisikia nimevuliwa nguo, na aliyenivua ndiye niliyemwogesha naye mama. Ninachohitaji ni hiki: mwambie kaka yangu ile nusu uliyoiacha."

"Nusu ipi?"

"Mama alikuwa anasemaje tukimgeuza?"

Wifi alitazama sakafu. "Alikuwa anasema amechoka," akajibu kwa sauti ndogo. "Nilimsikia. Kila Jumapili."

Kaka alimgeukia mkewe. "Mbona kule hukuisema?"

"Habari ingekuwa ndefu."

Alilisema kama jambo la kawaida, kama fundi anayeeleza kwa nini amepunguza pindo. Kisha kaka akasema, bila kumtazama yeyote, "Mimi sikuwahi kumsikia akisema hivyo."

"Hukuwahi kukaa," Kiraka alimjibu. Hakusema kwa ukali. Akaaga, akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Wiki iliyofuata wifi alikuja chumba cha mashuka. Safari hii hakuwa na sauti ya darasani. Alikuwa amewaomba watu waifute ile rekodi, lakini nani ataifuta, imeshasambaa. "Nisamehe," alisema. "Nilipoanza kuwasimulia, niliona wote wamenyamaza, wananitazama mimi. Nikashindwa kuacha."

Kiraka alisimamisha mguu kwenye cherehani. Ule ulikuwa ukweli, na aliuona ulivyomgharimu mwenzake. "Nimekusamehe," alisema. "Nimemwambia Mungu hivyo asubuhi hii, ingawa naye nina hasira naye. Lakini jambo la moyoni sitakuambia tena. Nikikuahidi vingine nitakuwa nakudanganya, na sitaki kukudanganya."

Wifi alijifuta machozi. "Maneno mazuri hayo. Laiti wale wa darasa wange..." Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Walitazamana. Kiraka alitaka kucheka, kicheko kikamjia kikikaribia kilio.

"Nenda, wifi," alisema. "Nina mashuka."

Jumapili alikwenda kanisani, akakaa kiti cha nyuma. Ilipofika zamu ya wifi kuongoza sala, watu wakainamisha vichwa, na ile sauti tamu ikaanza. Kiraka akajaribu kuitikia. Akashindwa. Akainuka taratibu, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi juani. Hapo alisali kwa maneno yake mwenyewe. Alimwambia Mungu kwamba amesalitiwa na mtu aliyempenda, na kwamba inauma, na kwamba hamwombi chochote leo, anamwarifu tu.

Mlango ulilia nyuma yake. Kaka alitoka, akasimama, akatazama saa kama kawaida yake. Kisha akaketi ngazi moja chini ya yake, akampa mgongo.

"Mwezi ule wa mwisho," alisema. "Nisimulie. Yote, hata kama ni ndefu."

Kiraka hakuanza mara moja. Alijiuliza kama huyu naye atayapeleka mahali. Halafu akaanza na siku mama alipokataa uji, akaendelea taratibu, hakuruka kitu. Kaka hakugeuka, wala hakumkatisha. Watu walipoanza kutoka kanisani, alikuwa bado hajafika ile Alhamisi.