Bembea za Shamba la Watoto

Ultan Gaughan ana mdomo, na Jumapili ile baada ya misa alikuja nao wote. Alisimama ukumbini na ramani yake, akatangaza kwamba kamati ya urithi imepata pa kuweka bembea: kile kiwanja cha mawe kando ya bahari, Garraí na bPáistí.

"Yaani Shamba la Watoto," akatafsiri, kana kwamba sisi hatujui Kiairishi, lugha ya mama zetu. "Watoto wa kijiji hiki walikuwa wakicheza pale tangu enzi. Sasa tunaurudisha urithi wetu. Tingatinga linakuja kesho!"

Watu wakapiga makofi. Makofi, Mungu wangu! Watu wazima na mvi zao, waliozaliwa hapahapa, wanaojua fika kwamba hakuna mtoto aliyewahi kucheza pale. Chini ya kila jiwe kuna kichanga kilichokufa kabla ya kubatizwa. Padri aliwakatalia makaburi ya kanisa, baba zao wakawazika pale bila sala. Mmoja ni kaka yangu. Shangazi aliniambia akiwa kitandani anakata roho, lakini mama mwenyewe hajapata kutamka. Muulize amezaa wangapi, atakwambia wanne.

Alikuwa amekaa pembeni yangu, bi kizee Nóra, kikombe cha chai mkononi. Nikamtazama. Akatazama chai yake.

Nikasimama. "Ultan, yale ni makaburi."

"Ya nani? Kwenye ramani hayapo."

"Ya watoto! Kaka yangu yumo. Ukiingiza tingatinga lako pale, utafukua mifupa ya kaka yangu."

Walinigeukia wote kwa macho ya chuki. Si Ultan, yeye hajui kitu, amerudi juzi tu kutoka Dublin. Walionichukia ni wale wanaojua.

"Keti chini, Dymphna," akasema Bairbre, jirani yetu, rika la mama. "Unamwaibisha mzazi wako mbele za watu."

"Aibu ni yenu mnaopiga makofi!"

"Amelewa huyo," mtu akasema kule nyuma, wakacheka.

Ultan akatabasamu. "Haya, tusigombane. Tumuulize mwenyewe. Mama Nóra, una mtoto pale?"

"Sina," mama akajibu, waziwazi, ukumbi mzima ukasikia.

Jamani! Bora angenizaba kofi. Nilitamani kumshika mabega nimtikise, na uzee wake uleule. Nilimchukia mama yangu, nasema kweli, nikamchukia na Bairbre na kila aliyekuwa anakunywa chai mle ndani.

"Basi yameisha," Ultan akasema. "Wanaokubali bembea, wanyooshe mikono."

Ikanyooshwa, wa Bairbre ukiwa wa kwanza. Nikamwinamia mama sikioni. "Nyoosha na wako basi. Nyoosha, wakamfukue."

Hakunyoosha. Alikiweka kikombe chini.

"Ultan," akaita. "Upande wa ukuta msichimbe."

"Kwa nini, mama?"

"Upande ule haupigwi na upepo. Baba yao alimtafutia mahali pasipo na upepo."

Hakuna aliyecheka. Bairbre alikuwa bado ameinua mkono, akaushusha polepole hadi mapajani.

"Na kwenye mti wa miiba," akasema Bairbre. "Hapo pia msiguse. Wangu yuko hapo."

Ultan akaikunja ramani, uso umemwiva. Unadhani aliomba radhi? Thubutu!

"Sasa si mngesema mapema?" akafoka. "Mnaniacha najiaibisha! Haya, bembea hakuna, tutaweka kibao chenye majina. Mama Nóra, huyo wako aliitwa nani?"

Mama akamkazia macho.

"Hana jina," akasema. "Angebatizwa akapewa jina, angezikwa pamoja na watu."