Mkanda Darajani

Mume wangu amekufa mara nyingi kuliko mtu yeyote Kapkatet. Amepigwa risasi, ametupwa na farasi, amesukumwa kutoka paa la hoteli, amechomwa mkuki akiwa amevaa shuka ambalo hata si la kabila letu, na kila mara amerudi nyumbani akiuliza kama kuna chai. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Wazungu walipokuja Kenya kutengeneza filamu, mwigizaji mkubwa alisema maneno na kumbusu msichana. Pakifika mahali pa kuanguka, mwigizaji aliwekwa kando anywe soda, na Bethwel Kipngeno akavaa nguo zake akaanguka.

Usinicheke nikisema zilikuwa siku nzuri. Miaka ya sabini gari la sinema lilikuwa likija sokoni, wanatundika kitambaa cheupe kwenye ukuta wa duka, nasi tunakaa kwenye nyasi tumejifunika mablanketi. Filamu yenyewe hatukuielewa. Tulikuwa tunangoja mgongo. Uso wake haukuonyeshwa hata siku moja, lakini mgongo ule ukipita mbio kwenye kitambaa, soko zima lilipiga kelele, "Huyo ni Bethwel!"

Mimi niliolewa na mgongo huo. Dada zangu waliolewa na walimu wenye mishahara na vitambi, mimi nikapata mtu anayeruka. Nilimshonea pedi za magoti kwa sponji ya kiti chetu, mpaka kiti kikabaki mbao tupu na wageni wakaanza kukaa kitandani. Akirudi nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi, naye akinisimulia alivyoanguka, huku Fancy, binti yetu, akilala mapajani mwangu.

"Siri ni usiikatae ardhi, Sally," aliniambia. "Ukiiogopa, inakuvunja."

Kufikia mwaka wa tisini na nne, ardhi ilikuwa imemvunja bila kuogopwa. Nyonga ya kushoto ilikuwa ngumu asubuhi, na mkono mmoja ulikufa ganzi akikamua ng'ombe. Daktari aliinua picha ya shingo yake kwenye mwanga wa dirisha, akasema mfupa umelika, na akianguka vibaya mara moja tu, miguu itakufa na huenda mikono pia.

"Na nikianguka vizuri?" Bethwel akauliza.

Daktari aliniangalia mimi, kama vile mimi ndiye niliyemzaa.

Basi tukabaki na majani chai yetu. Alibeba kikapu mpaka kituo cha kununua majani, akapanga foleni na wengine, na wazee wakamtania wakimwita "Staa." Alicheka nao. Nyumbani alikaa mlangoni akitazama mvua ya saa nane ikishuka mashambani, na sikuwa mjinga, nilijua haangalii mvua. Hata mimi nilikuwa nikimkumbuka yule mtu anayeruka.

Ndipo Gichana alipokuja. Gichana ni Mkisii aliyefanya kazi na Bethwel miaka yote ile. Kazi yake ilikuwa kupanga maboksi ya karatasi mahali mume wangu atakapoangukia, na magodoro juu yake. Alisema wazungu wamefika Kericho, wanatengeneza filamu ya enzi za ukoloni. Kuna nyapara mzee anayefukuzwa na polisi, anakimbilia daraja la kamba, anajitupa mtoni.

"Vijana wako wengi," Gichana alisema. "Lakini wanaruka kama vijana. Director anataka mgongo ya mzee. Bethwel, ni wewe tu."

Nilimwona mume wangu akikaa wima. Sikuwa nimeuona mgongo huo ukinyooka hivyo kwa muda mrefu, na nikauchukia kwa jinsi ulivyonifurahisha.

"Na shingo?" nikauliza.

"Mama Fancy, hizo maboksi nitapanga mimi mwenyewe."

"Sijakuuliza maboksi."

Nilimsihi Bethwel. Nilinuna. Nilikataa kupika, naye akapika mwenyewe, tena akiimba. Nilimwambia siwezi kumgeuza mtu mzima kitandani na kumlisha kwa kijiko mpaka nife, akanishika bega akasema, "Mara moja tu, Sally. Halafu nitazeeka." Ungemkasirikia vipi mtu anayeomba hivyo?

Kwa hiyo nilienda kwa mama yake, Kogo Rael, yaani Nyanya Rael kwa lugha yetu, anayeishi kwa kitinda mimba wake upande wa Sigor. Nilimkuta akipepeta maharagwe. Nilimweleza yote, filamu, daraja, maneno ya daktari, nikalia na kulia. Yeye akaendelea kupepeta.

"Ni lini?" akauliza.

"Alhamisi, kama jua litatoka."

"Haya. Nipitishie hiyo sufuria."

Nilirudi nyumbani nimekasirika kama nini. Nilidhani uzee umemla masikio.

Alhamisi jua lilitoka. Daraja lilikuwa juu ya mto, chini ya mashamba ya kampuni, mbao nyembamba na kamba pande zote mbili, na watu wawili hawawezi kupishana. Gichana alipanga maboksi juu ya mawe, mahali kamera haioni. Wachumaji waliacha vikapu wakaja kutazama, na akina mama wa kanisa letu walikuwa wamejaa ukingoni, mke wa pasta mbele kabisa. Bethwel alikuwa amevaa koti la nyapara na kofia. Alinipungia mkono akiwa ng'ambo kama bwana harusi.

Walipokuwa wakipima kamera, Kogo Rael alitokea upande wetu akiwa amevaa gauni la kanisani. Hakunisalimia. Alipanda darajani akitetemeka, akafika karibu na mahali Bethwel alipopaswa kurukia, akatoa kitu kikapuni na kukitandaza juu ya mbao kutoka kamba hii hadi kamba ile. Kisha akarudi hatua chache, akasimama.

Ulikuwa leketyet, mkanda wa ngozi ulioshonewa kauri, yale makombe madogo meupe ya baharini.

Kwetu Wakipsigis mama alijifunga mkanda huo baada ya kuzaa. Zamani, vijana wakitaka kupigana, mama aliuvua akautandaza njiani, na hakuna mwana aliyethubutu kuuvuka, maana kuuvuka ni kukanyaga tumbo lililokubeba. Kanisa lilipokuja, akina mama waliileta mikanda yao ichomwe. Kogo Rael aliimba kwa sauti kuu siku hiyo, na kila mtu aliamini wake umo motoni. Alikuwa ametuongoza kwa maombi miaka yote tangu wakati huo. Sasa ulikuwa hapa, mchana kweupe, na mke wa pasta ameziba mdomo.

Wazungu hawakuona cha maana. Waliona bibi kizee darajani, na walipenda, sijui, labda walidhani anapendeza. Kamera zilikuwa tayari. Wakapiga kelele ya kuanza.

Bethwel akakimbia.

Nitasema ukweli. Alipoingia darajani, mbao zikilia chini yake, kifua changu kilisahau kila kitu nilichomwomba Mungu. Niliona soko, niliona kitambaa cheupe, na moyo wangu ukasema, "Ruka! Ruka, baba!" Halafu nikauona mguu wa kushoto. Ulikuwa ukiburuta. Ulichelewa kidogo kila hatua, na kwenye daraja kama lile kuchelewa kidogo ni kuyakosa maboksi na kuyakuta mawe.

Akauona mkanda. Alishika kamba kwa mikono yote miwili, daraja likayumba, akasimama vidole vya miguu vikikaribia kugusa kauri.

Director alipiga kelele. Kijana mmoja wao alianza kupanda ili auondoe mkanda. Gichana, ambaye mama yake hakuwahi kuvaa kitu kama hicho, alimshika shati. "Usiguse hiyo," akasema. "Hata ukiitoa, iko."

Bethwel alikuwa akihema. "Mama," akasema, "umenimaliza."

"Ndiyo," Kogo Rael akajibu. "Nimekumaliza ukiwa na miguu yako."

"Mbele ya watu wa kanisa."

"Wacha wanifukuze. Nitaomba nikiwa nyumbani."

Bethwel alitazama chini kwenye maboksi. Kisha akavua kofia ya nyapara, akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akavitundika kwenye kamba Gichana avichukue. Mama yake aliinama, akaukunja mkanda, akageuka, na mwanawe akamfuata nyuma akishika kamba kwa uangalifu kama mzee mwingine yeyote anayevuka mto. Nililia kwa sababu amenusurika, na nililia pia kwa sababu nilijua sitamwona tena hewani.

Akina mama walimpisha Kogo Rael bila kumsalimia. Yeye akatangulia njia ya majani chai, kichwa juu. Mimi nilimshika Bethwel mkono, naye akauacha mkononi mwangu. Tulipofika mahali ambapo mto hausikiki tena, aliniuliza bila kunitazama.

"Sally, ningeyafikia maboksi?"

Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukichora mstari kwenye vumbi kando ya wangu.

"Katikati kabisa," nikamwambia.