Ganzi ya Mkono wa Mwalimu

Kazini wananiita Redio. Kazi yangu ni kuchoma sindano za ganzi, na mgonjwa wa ganzi halali usingizi. Yuko macho, anaogopa, anatazama dari. Kwa hiyo namsemesha. Wenzangu wanadhani ni domo tu, kumbe maneno ndiyo kipimo chenyewe. Dawa ikipotea njia, ikaingia kwenye damu badala ya kukaa kando ya mshipa wa fahamu, mgonjwa huanza kuhisi ladha ya chuma mdomoni na masikio kuvuma. Akisema mapema, unaacha kusukuma dawa, mnapona wote wawili. Asiposema, hufuata degedege, na baada ya degedege moyo unaweza kusimama.

Jambo jingine sijawahi kumwambia mtu. Tangu mke wangu afariki, nikishafunga mlango wa nyumbani sisemi neno mpaka asubuhi. Maneno yangu yote nayamalizia kazini.

Siku moja aliletwa mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini na kitu, ameteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Utaniumiza?"

"Kidogo tu, Mama. Kama kuumwa na mdudu."

"Mdudu gani? Nyuki au siafu?"

"Siafu."

"Siafu nawajua. Haya, choma."

Nikachoma kwapani, inakopita mishipa ya fahamu ya mkono, taratibu, kila mara nikivuta bomba nyuma kuona kama kuna damu. Hapakuwa na damu. Nikauliza: masikio yanavuma? Hapana. Ulimi una ganzi? Hapana. Alikuwa ananitazama mimi, si dari.

"Mbona macho mekundu?" akauliza. "Hukulala?"

Ningeweza kusingizia vumbi. Nikasema, "Jana binti yangu kajifungua. Nimeambiwa kwa ujumbe wa simu."

"Hongera, babu!"

Basi, redio ikafunguka. Nikamweleza kwamba miaka mitatu hatusemezani. Harusi yake sikwenda, kwa kiburi changu, eti mume hakunipendeza. Kwenye mazishi ya mama yake alisimama kule, mimi huku. Nilikuwa nasimulia huku mkono unasukuma dawa iliyobaki. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akaitikia tena, na mimi kwa furaha ya kupata msikilizaji sikuuliza tena kuhusu masikio wala ulimi. Nilikuwa nimefika kwenye ujumbe wenyewe, "Baba, ni wa kiume," nilipoona midomo yake inatetemeka. Kisha uso. Kisha mwili mzima ukakakamaa na kuanza kujirusha.

Nikapiga kelele. Tukampa oksijeni, tukampa dawa ya kutuliza degedege, halafu ikatolewa ile chupa ya mafuta meupe kama maziwa ambayo hukaa kabatini mwaka mzima bila kuguswa. Kazi yake ni kuinasa dawa ya ganzi iliyomo kwenye damu. Muuguzi aliibana kwa mikono miwili ili mafuta yaingie mshipani haraka. Mimi nilishika shingo ya mwalimu, mapigo yakija moja moja, yakichelewa, nikawa namwomba kwa sauti asife. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu ulikaribia kuponza kichwa cha mtu mwingine.

Mapigo yakarudi. Upasuaji ukaahirishwa. Daktari mkuu aliniambia niandike taarifa, nikaandika yote, pamoja na hili: mgonjwa hakuulizwa tena kwa sababu mimi nilikuwa nazungumza.

Kesho yake asubuhi nikaenda wodini. Vitanda vingine vilizungukwa na ndugu. Kwenye kiti cha wageni cha mwalimu palikuwa na mkoba wake mwenyewe.

"Mama, jana hukuhisi chochote?"

"Nilihisi. Mdomo ulikuwa kama nimenyonya msumari, na masikio yanalia ngiii."

"Sasa mbona hukusema?"

Akanishangaa. "Si ulikuwa unazungumza? Miaka thelathini na nne nimewafundisha watoto wa watu, mwenzio akisema usimkatize." Akautazama mkoba wake kitini. "Tena ni nani siku hizi ananisimulia jambo? Nilitaka kusikia mwisho."

Nikasema, "Nisamehe, Mama. Kosa ni langu peke yangu."

"Nimekusamehe. Haya malizia. Ulimjibu nini?"

"Sijamjibu."

"Ondoa huo mkoba, ukae, umpigie."

Nikakaa, nikapiga. Simu iliita mpaka nikadhani haitapokewa.

"Baba?" akasema binti yangu. Kisha akaanza kunilaumu, tangu harusi mpaka mazishi, na nyuma yake mtoto analia. Majibu yangu nilikuwa nayo tayari, nimeyatunga usiku baada ya usiku kwenye nyumba isiyo na mtu. Mwalimu alikuwa ananitazama.

Sikumkatiza.