Ekseli Kati ya Meno

Bi Döring alikuwa ameiuma ekseli katikati, kama mpiga zumari aliyekosea mahali pa kupuliza. Chuma kilitokeza kushoto na kulia kwa uso wake. Alifumba macho, akapeleka mikono kwenye ncha ya kulia, akasukuma gurudumu mpaka likaingia. Uso ukamtulia, kama wa mtu anayeonja supu na kungoja ajue chumvi imekolea au la. Kisha akaiachia ekseli, akaipangusa mate kwa aproni, akaniambia, "Lete nyingine."

Hiyo ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kwenye karakana ya vigari vya watoto, hapa mjini Zeitz, Ujerumani. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili kabla.

"Usishangae," alisema Traudel, msichana wa meza ya pili, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo. "Kwake chumvi imekwisha. Anaramba chuma."

"Anaiuma isije ikamuuma yeye," akadakia mwingine.

Meza zote zikacheka. Bi Döring hakugeuka. Nilidhani amewapuuza, nikamwonea wivu, kwa sababu mimi kucheka kwa watu kulikuwa kunanichoma hata wakicheka jambo lisilonihusu.

Nilikuwa mtu wa kuona haya. Nikisemeshwa, nilivijibu viatu vyangu. Shule niliiacha darasa la saba, majira ya baridi tulipoyakimbia mapigano kutoka Silesia, mashariki, kwa miguu, vyungu na blanketi vimelundikwa kwenye kigari nilichosukumwa nacho nikiwa mchanga. Tangu hapo maswali yangu hayakupata mwalimu. Yalibaki ndani yakiwasha kama nguo ya sufu. Na swali lililoniwasha kuliko yote msimu ule lilikuwa hili: kwa nini mama mtu mzima, mwenye mvi na heshima zake, anauma ekseli?

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Ndani ya kitovu cha kila gurudumu mlikuwa na ulimi mdogo wa chuma uliosukumwa na springi. Ncha ya ekseli ilikuwa na mfuo uliochongwa kuizunguka. Ukilisukuma gurudumu, ulimi unapanda, unateleza, halafu unadondokea kwenye mfuo: ko! Limefungwa. Mama akitaka kulitoa ili apandishe kigari ghorofani, anabonya kitufe kwa dole gumba, analivuta, basi.

Hatari ilikuwa kwa ulimi ulioingia nusu. Ukilivuta gurudumu kwa mkono linashika, linakudanganya. Litazunguka vizuri siku kadhaa, halafu mahali penye mteremko, na mji wetu ni mteremko mtupu, litaamua kushika njia yake. Mlio ndio uliotofautisha. Ulimi uliokaa sawasawa ulilia ko, mkavu. Uliokaa nusu ulilia pu, kama kidole kinachogonga mfuko wa unga. Ndiyo maana ukutani palitundikwa kibao: ANAYEFUNGA MAGURUDUMU AWE NA MASIKIO MAZIMA.

Nikaanza kumchunguza Bi Döring jinsi mtoto anavyomchunguza mdudu, bila ubaya, bila kupepesa. King'ora cha mchana kilipolia, hakuweka tupa chini mpaka aone mikono yetu imesimama. Bwana Quaas, msimamizi wetu, akimwita kwa nyuma, hakuitika. Lakini Bwana Quaas huyohuyo akikanyaga mbao za sakafu kwa viatu vyake vizito, Bi Döring alikuwa amegeuka kabla hajafika.

Mchana mmoja wenzangu walipotoka kwenda kunywa kahawa ya shayiri, nilibaki. Nilichomoa pamba kwenye mto wa kigari, nikajiziba masikio hadi sikusikia hata pumzi yangu. Nikaiuma ekseli. Ilikuwa baridi na yenye ladha ya grisi. Nikasukuma gurudumu.

Sijui nieleze vipi. Mlio haukutoka nje kuja kwangu. Ulizaliwa kichwani. Ko! Uliingia kwa meno, ukapanda mfupa wa taya, ukafunguka nyuma ya macho kama taa iliyowashwa chumbani. Nikalitoa gurudumu, nikalirudisha kwa uvivu, nusunusu. Pu. Hata huo niliupata waziwazi zaidi kuliko nilivyowahi kuupata kwa masikio yenye kelele za mashine. Nilirudia tena na tena, nikicheka peke yangu na chuma mdomoni, mpaka nilipofumbua macho nikamwona Bi Döring amesimama mbele yangu.

"Ina ladha gani?" aliuliza.

Nikavijibu viatu.

"Inua uso, Rosel. Sisomi maneno yanayosemwa kwa viatu."

Nikainua uso. "Ya grisi, Bi Döring."

Akatikisa kichwa kukubali. Alikaa kwenye kigoda, akaniambia kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka kwamba masikio yake yalibaki chini ya kifusi, mwaka wa mwisho wa mabomu. Yeye walimchimbua, masikio hawakuyapata. Wakijua hapa kazini watamhamishia banda la kusuka vikapu vya vigari, kule kwenye maji na fito, na kadi yake ya mgao wa chakula itashushwa daraja. Ile ya chini kabisa tuliita kadi ya makaburini, na hatukuwa tunatania sana.

"Kwa hiyo?" alisema, akiutazama mdomo wangu.

"Kwa hiyo sijaona kitu."

"Umeona. Ila kaa nacho."

Nikakaa nacho. Nilikihamisha kigoda changu kikawa mkabala na chake. King'ora kikilia, niligonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole, naye akaweka tupa chini pamoja na wengine. Nikazoea kuinua uso, kwanza kwa ajili yake, halafu kwa mazoea tu.

Siku Bi Pohle alipoingia ilikuwa ya ukungu. Alisukuma mlango kwa nyonga, gurudumu kalikumbatia kwapani kama mkate.

"Hili ni lenu!" alipiga kelele. "Limenitangulia mpaka kwa muoka mikate! Mimi nimebaki katikati ya mteremko nimekizuia kigari kwa tumbo kama mbuzi anayepigana!"

"Na mtoto?" Bwana Quaas alimuuliza, uso umempauka.

"Mtoto kalala, hana habari! Yuko na dada yangu nje. Lakini angekuwa na habari je? Angekuwa na habari angekuwa malaika saa hizi!"

Bwana Quaas aliligeuza gurudumu. Kila mmoja wetu alitia alama yake kwenye ukingo wa kitovu kwa tupa, na hii ilikuwa mikwaruzo mitatu ya Bi Döring. Alivua viatu vyake vizito hapo hapo mlangoni. Nilipomwona anakuja kwa soksi, akinyata, nilielewa kwamba naye alikuwa akijiuliza, pengine kwa muda mrefu kuliko mimi. Alisimama nyuma ya Bi Döring, akapiga makofi karibu kabisa na kisogo chake.

Bi Döring aliendelea kulainisha ncha ya ekseli.

Traudel aliweka tupa yake chini.

"Rosel," Bwana Quaas alisema. "Wewe unakaa naye. Huyu mama anasikia?"

Wakati huo Bi Döring alikuwa ameona nyuso zetu. Aligeuka, akaziona soksi, akaelewa. Halafu akautazama mdomo wangu. Ningeweza kuvijibu viatu. Angepona kujua nilichosema, nami ningepona kuonwa nikikisema. Niliinua uso. Nilisema polepole, ili kila neno alione likitoka.

"Hasikii kwa masikio. Anasikia kwa meno."

Traudel akapasuka. "Na magoti yake yananusa?"

Walicheka wote, na kwa mara ya kwanza kicheko kilipita pembeni yangu, kwa sababu nilikuwa nalitazama lile gurudumu. Kulikuwa na kitu. Sikuwa na ushujaa siku ile, nilikuwa na udadisi tu, nao una miguu yake. Nilimpokonya Bwana Quaas gurudumu mkononi bila kuomba, nikachomoa pini ya nywele, nikachokoa kitovu kwa ndani. Udongo mkavu ukaanguka mezani. Nikachokoa tena. Ukatoka uzi mwembamba wa mzizi, uliokuwa umejisokota chini ya ulimi.

"Bi Pohle," nikasema, "kigari hiki kimekwenda shambani?"

Bi Pohle akawa mwekundu mpaka shingoni. "Kigari hakijaenda popote."

"Na magurudumu?"

Alimtazama Bwana Quaas, akatutazama sote, akashusha pumzi. "Magurudumu yalikwenda. Niliyafunga kwenye mkokoteni. Viazi vilivyobaki ardhini havijileti vyenyewe."

Hakuna aliyemsema. Msimu ule mji mzima ulifanya hivyo: mtoto analala ndani kwenye kigari kisicho na miguu, na miguu yake inabeba magunia. Bwana Quaas alijikuna shingo. Mkokoteni wake mwenyewe tuliujua, na magurudumu yake tuliyajua kwa alama.

"Hilo tumelimaliza," alisema hatimaye. "Lakini kibao kile nacho kipo. Kinasema masikio."

Alimkabili Bi Döring. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kibao. Bi Döring akainuka, akampa ekseli. Alimwonyesha kwa kidole: hapa, uma. Akanyofoa pamba, akamziba masikio yote mawili kwa mikono yake mwenyewe, kama anayemvisha mtoto kofia.

Bwana Quaas aliuma. Bi Döring akasukuma gurudumu.

Msimamizi wetu aliruka. Meno yake ya bandia ya juu yalitoka na ekseli, yakabaki yameing'ang'ania, na yeye akasimama pale mdomo umembonyea, macho yamemtoka, mkono juu ya taya.

"Nimelithikia!" alisema.

Karakana nzima ililala juu ya meza kwa kicheko. Hata Bi Döring alicheka, kwa sauti ya ajabu kama mlango wa ghala. Bwana Quaas aliyapachika meno yake, akajaribu tena kwa uangalifu zaidi, na safari hii Bi Döring alilisukuma gurudumu nusu. Bwana Quaas akasikiliza kwa kichwa kizima. Halafu akaliangalia lile kundi letu, akakiangalia kibao.

"Kibao kinasema masikio," alisema. "Hakisemi yawe upande gani wa kichwa."

Akaenda kutafuta viatu vyake.

Bi Döring alibaki kwenye meza yake, na kadi yake ilibaki palepale. Lakini siku chache baadaye aliniambia, "Zamani walikuwa wakiongea nami. Sasa wananipigia kelele." Ilikuwa kweli. Kila aliyempita alimwinamia na kufoka kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, kwa wema wote. Niliinua uso tu, ili aone kwamba sina la kumjibu.

Hiyo ni miaka sita sasa. Niliolewa na fundi rangi wa karakana ileile, na mwaka huu tumepata mtoto wa kike. Kigari chake nilikifunga magurudumu mwenyewe, nikiuma.

Jumapili iliyopita Bi Döring alikuja kumwona, na chupa ya asali ya viazisukari mkononi. Tulikaa nje kwenye benchi la mlangoni. Alimtazama mtoto muda mrefu. Blanketi lilimfunika mpaka kidevuni, amelala, uso hauna habari yoyote. Kisha Bi Döring aliangalia huku na huku, akainama, akauma chuma cha mkono wa kigari. Majirani waliokuwa wakitoka kanisani walipunguza mwendo.

Alifumba macho. Uso ukamtulia.

"Ana kwikwi," alisema.

Nilimtazama mwanangu. Hakuna kilichotikisika. Nikainama upande wa pili wa mkono wa kigari, mbele ya majirani wote, nikauma.

Ko. Kimya. Ko.

Mdogo, mkavu, umekaa sawasawa.