Nyasi Zilizofukiwa

Nyasi zikishalazwa hazilali nje. Ndivyo Kunigunda alivyofundishwa na shangazi yake Margareta tangu angali anachimba na jembe la kuazima, na mwanamke yeyote wa milima hii atakwambia hivyo hivyo. Wanaume wanafyeka, wanazilaza nyasi kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unakuwa kama wavu ulioanikwa. Wanawake wanafuata na majembe, wanachimba udongo katikati ya kila chumba cha wavu ule na kuzifunika nyasi, na maharage yanapandwa humo humo. Hizo ndizo ngoro. Nyasi zikiachwa wazi, mvua moja tu inazisomba pamoja na udongo wa juu, na wapita njia wanaulizana, jamani, nyumba hii ina msiba?

Mwezi wa tatu, mwaka wa uchaguzi wa pili wa vyama vingi, baba yake Kunigunda, mzee Pankras, aliita ngokela, yaani siku ya kusaidiana: leo shambani kwangu, keshokutwa kwako. Walikuja watu thelathini na kitu, wengine wakitoka mpaka kijiji cha Ukata. Pankras alikuwa mjane, na watu walimpenda kwa sababu moja ambayo pia ndiyo iliyomponza. Tangu wanunuzi wa kahawa waanze kupanda mlimani na magari yao, na ushirika ukafa kifo cha kimya, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akisimama kwenye mkutano wa kijiji na kuuliza: mashine yetu ya kukoboa iliondoka hapa usiku wa lini, na nani alifungua lango? Halafu akaingia chama cha upinzani, na mwaka ule akatangaza kwamba atagombea udiwani.

Saa nne asubuhi nyasi zilikuwa zimeshalazwa mteremko wote. Wanawake walikuwa wamefunika kutoka chini mpaka kwenye jiwe kubwa lililo katikati ya shamba. Hapo ndipo Landrova ya polisi iliposimama.

"Mwenye mkutano huu ni nani?" akauliza mkubwa wao.

"Mkutano gani, afande?" Pankras akajibu, mundu bado mkononi. "Hapa pana nyasi na majembe."

"Kibali kiko wapi?"

"Kibali cha kuchimba?" Margareta akadakia kutoka kwenye shimo lake. "Basi kamkamateni na mvua, naye jana alikuja bila kibali."

Watu wakacheka. Kicheko kilikatika pale askari wawili walipomshika Pankras mkanda wa suruali na kumburuta kuelekea barabarani, na wa tatu akaanza kukusanya miundu na mapanga, akisema ni silaha. Watu walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Majembe mengine yaliachwa yamesimama udongoni.

Kesho yake Kunigunda alingoja watu warudi kumalizia. Hakuja mtu. Placidi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye Pankras alimzika mama yake kama mama yake mwenyewe, alipita barabarani uso ameugeuzia upande wa korongo. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya ziwa, kule chini Mbamba Bay.

"Shangazi, nyasi hizi," Kunigunda akasema.

"Nimeziona."

"Mvua ikija..."

"Mwanangu, maneno hayafukii nyasi. Shika jembe."

Walichimba siku kumi na moja, wawili tu, kutoka kwenye jiwe mpaka kileleni. Viganja vya Kunigunda vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena. Jioni alikuwa anarudi chini na kunyoosha kila tuta kwa mkono, kwa sababu hakutaka mtu apite aseme hii kazi ya watu thelathini na ile ni kazi ya yatima. Siku ya mwisho alisimama barabarani akatazama juu. Hata yeye hakuweza kuona pale ambapo kazi ya ngokela iliishia na pale yao ilipoanzia. Moyo wake ukafurahi kwa mara ya kwanza tangu baba achukuliwe. Akasema, Jumapili nitampelekea habari hii, itamshibisha kuliko ugali.

Alitembea kwa miguu mpaka mjini, akakaa kwenye foleni ya mahabusu mpaka saa saba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Ngoja nikwambie kwanza kabla hawajatufukuza." Pankras alikuwa amekonda lakini macho yalikuwa yanawaka. "Alhamisi nilisimama mahakamani. Wananishtaki kwa mkutano wa siasa bila kibali. Mashahidi wangu wote wamekimbia, na Placidi wamemfanya shahidi wao, atasema nilimwita kwenye mkutano. Nikamwambia hakimu, Mheshimiwa, mimi shahidi ninaye, ila hawezi kuja hapa, nyie mwende kwake. Akauliza, ni nani? Nikasema, shamba langu. Mtakuta nyasi zimelazwa mlima mzima, zimefukiwa mpaka kwenye jiwe, na hapo kazi imekatika, pale pale polisi walipotukuta. Mkutano gani wa siasa unafukia nyasi mpaka jiweni? Hakimu akaandika! Amesema mahakama itakwenda kuona." Akacheka kidogo. "Shamba halina mke wala watoto, mama. Haliogopi mtu."

Kunigunda alishika wavu wa dirisha. Habari yake ilikuwa imeshafika mdomoni, na sasa hakujua aimeze vipi.

"Mbona kimya?"

"Baba, tumemalizia."

"Mmemalizia nini?"

"Nyasi. Mimi na shangazi. Mawingu yalikuwa yanakuja, baba. Tumefukia zote, na maharage yameshaota."

 Nyuma ya Pankras mahabusu mwingine alikuwa anagombana na mkewe kuhusu mbuzi.

"Mpaka juu kabisa?"

"Mpaka juu."

"Basi mmefanya vizuri," akasema, polepole. "Ungefanyaje? Nyasi hazilali nje." Akamuuliza kama mbwa anakula.

Toka siku ile Kunigunda aliombea jambo moja tu: hakimu awe na jicho la kuona kile ambacho yeye Kunigunda alikifukia kwa mikono yake. Lakini hakimu hakuja. Mara upelelezi haujakamilika, mara gari halina mafuta, mara faili liko mkoani. Dhamana walisema iko wazi, ila wadhamini wawe watumishi wawili wa serikali. Na mwalimu gani angekubali kupoteza kazi yake kwa ajili ya Pankras? Maharage yalichanua, yakakauka, wakayavuna. Kunigunda alimpelekea baba makande ya maharage yale yale, naye akala akiwa ameinamisha kichwa.

Mwezi wa nane ulipoingia, fomu za wagombea udiwani zilitakiwa kurudishwa ifikapo Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyo ndipo mahakama ilipopanda mlima.

Hakimu alikuwa kijana wa mkoa mwingine, mwenye viatu vya ngozi vilivyojaa vumbi mpaka kwenye kamba. Mwendesha mashtaka alikuja na mwavuli. Pankras alishuka kwenye gari na pingu mkononi, akasimama ukingoni mwa shamba lake kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Placidi hakuonekana.

"Jiwe lenyewe ni hili?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Ndilo," akajibu Pankras.

"Mheshimiwa, mimi chini naona mashimo, juu naona mashimo. Kazi iliyokatika iko wapi?"

"Sisi ndio tulimalizia," Kunigunda akasema, bila kuulizwa. "Mimi na shangazi. Baada ya baba kukamatwa."

"Wanawake wawili? Mlima huu wote?"

"Siku kumi na moja."

"Na nani aliwaona?"

Kunigunda akatazama barabarani, zile nyumba zenye milango iliyofungwa mchana.

"Mungu alituona," Margareta akasema. "Na wewe mwenye mwavuli, shika jembe uchimbe moja tu, ndipo utazijua hizi siku kumi na moja."

"Mama, heshimu mahakama," hakimu akasema, lakini kwa upole. Akamgeukia Kunigunda. "Binti, kuna njia yoyote ya kutofautisha? Za siku ile na zenu?"

Kwa Kunigunda swali lile lilikuwa kama mtu amemfungulia mlango. Akapiga magoti upande wa chini wa jiwe, akafukua tuta kwa vidole mpaka akafika kwenye nyasi. Zilikuwa zimeoza, nyeusi, laini kama ugoro. Akatambaa mpaka upande wa juu wa jiwe, akafukua tuta lake mwenyewe. Zimeoza, nyeusi. Akafukua la pili, la tatu. Akapanda juu zaidi, kucha zinatoka damu, akatoa konzi ya nyasi na kuinua mbele ya hakimu, halafu akaitazama mwenyewe. Miezi mitano ilikuwa imepita. Udongo ulikuwa umezila zote sawa, za watu thelathini na za watu wawili.

"Binti, inatosha," hakimu akasema.

"Hapa juu, Mheshimiwa, labda..."

"Inatosha."

"Mheshimiwa," mwendesha mashtaka akasema, "tunaomba iandikwe kwamba hakuna tofauti iliyoonekana."

Ikaandikwa.

Pankras alikuwa anatazama matuta, moja baada ya jingine, jinsi yalivyonyooka mpaka kileleni. Walipokuwa wanamrudisha garini alisimama kidogo mbele ya binti yake.

"Umefukia vizuri, mama," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Kunigunda angejua pa kuiweka.

Jumatano Pankras alifungwa miezi kumi na minane. Ijumaa muda wa kurudisha fomu ulikwisha, na Hyasinti, yule aliyekuwa akishika funguo za ushirika mpaka siku ya mwisho, akapita bila kupingwa. Jioni ile kulikuwa na ngoma mbele ya ofisi ya kata. Hakuna aliyewauliza kibali.

Mwezi wa tatu ukarudi. Kunigunda hakuita ngokela, angemwita nani? Alifyeka mwenyewe kazi ya wanaume, akalaza nyasi mlima mzima kwa mistari inayokatana. Akafunika kutoka chini. Alipofika kwenye jiwe akafuta jembe, akaenda nyumbani.

Siku ya tatu Margareta alimfuata akamkuta amekaa ukingoni, mikono mapajani. Mvua ya usiku ilikuwa imeshabomoa mistari ya juu, na maji mekundu yalikuwa yanateremka mpaka barabarani. Wapita njia walipunguza mwendo, wakatikisa vichwa.

"Mwanangu, nyasi zinaoza. Udongo wa baba yako unakwenda."

"Ziache, shangazi."

"Watu wanatucheka."

"Ziache hivyo hivyo. Wanaweza kuja kuangalia."

"Nani anakuja? Kesi imekwisha, Kunigunda. Nani anakuja?"

 Shangazi akainua jembe, akakanyaga nyasi za kwanza upande wa juu wa jiwe, naye binti akamshika mkono. Walisimama hivyo, hakuna aliyevuta wala aliyeachia, na mvua ikaanza tena.